TSH peke yake haitoshi: mwongozo wa vipimo vya damu ukitibiwa thairoidi iliyo juu

Mwezi wa tatu wa matibabu nilijikuta nimevaa sweta saa saba mchana, mwezi wa Januari. Anayeijua Nairobi anajua jua la Januari. Pale River Road watu walikuwa wanajipepea kwa magazeti na mimi natetemeka. Viatu vinabana, uso umejaa, nywele zinabaki kwenye kitana. Miezi mitatu nyuma hali ilikuwa kinyume kabisa: nilikuwa nalala bila shuka, moyo unaenda mbio nikipanda ngazi za ghorofa moja, na kikombe cha chai kinagongana na kisahani kwa jinsi mkono ulivyokuwa ukitetemeka.

Nikaenda kliniki moja ya mtaani. Fomu ya maabara ilitiwa alama kwenye kisanduku kimoja tu, TSH, homoni inayoiamrisha thairoidi. Majibu yakaja: 0.01. "Mama, thairoidi bado iko juu," kijana wa kliniki akaniambia, "tunakuongezea dawa." Nikatoka na pakiti nyingine mkononi.

Jioni dada yangu, ambaye ni muuguzi, akaangalia karatasi na kuniuliza swali moja: "FT4 ni ngapi?" Yaani homoni ya thairoidi yenyewe. Sikuwa nayo. Kesho yake nikailipia mwenyewe. Ilikuwa 7.8, na kwa maabara ile kiwango cha kawaida kinaanzia 12. Dawa ilikuwa imenishusha hadi chini ya sakafu, nami nilikuwa karibu kuongeza dozi.

Yafuatayo ndiyo niliyopaswa kuyajua mapema. Dozi inabaki kazi ya daktari. Kazi yako ni kuhakikisha anapoamua dozi ana namba zinazofaa mbele yake.

Nyapara wa mjengo

Thairoidi ni tezi iliyo mbele ya shingo. Inatoa homoni mbili: T4, ambayo ni nyingi, na T3, ambayo ni kidogo lakini kali zaidi. TSH haitoki hapo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha thairoidi.

Chukulia mfano wa mjengo. TSH ni sauti ya nyapara akiitisha mawe. Mawe yakipungua anapaza sauti, yakijaa ananyamaza. Ugonjwa wako ni kwamba vibarua wanaleta mawe bila kuitwa. Nyapara amenyamaza, na mwisho amepitiwa na usingizi. Ndiyo maana siku ya kwanza TSH yako ilikuwa karibu na sufuri, na kwa kugundua ugonjwa hicho ni kipimo kizuri sana.

Ukishaanza dawa mambo yanabadilika. Vibarua wanapunguza kasi, mawe yanarudi kiasi cha kawaida, lakini nyapara bado anakoroma. Anaweza kukoroma wiki kadhaa, hata miezi. Anayesikiliza ukimya wake tu atadhani mawe bado yanamwagika, atawazuia vibarua zaidi na zaidi, mpaka siku moja hakuna jiwe hata moja na ukuta umesimama njiani. Hicho ndicho kilichonipata.

Kwa hiyo katika miezi ya kwanza hesabu mawe yenyewe: FT4 na FT3. TSH ipimwe pia, maana siku inapoanza kupanda ni habari njema, ila isiwe ndiyo inayoamua dozi.

FT3 ndiyo inayoachwa mara nyingi ili kupunguza gharama. Kuna wagonjwa ambao FT4 yao ni ya kawaida kabisa huku T3 ikiwa juu, na wengine wakishaanza dawa FT4 hushuka kwanza, T3 ikabaki nyuma. Mtu kama huyo ataambiwa amepona na moyo bado unamwenda mbio. Kama mfuko hauruhusu kuipima kila safari, muulize daktari safari zipi ni za lazima. Safari ya kwanza ni mojawapo.

Na hiyo herufi F usiipuuze. Inamaanisha homoni iliyo huru kwenye damu, isiyoshikwa na protini. Ukiona kwenye fomu "T4" au "T3" tupu, mara nyingi ni jumla ya homoni yote. Mimba na vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni huongeza zile protini, jumla ikaonekana imepanda bila thairoidi kuwa na kosa lolote.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Dawa inayotumika sana ni kabimazoli. Kwenye pakiti utaona imeandikwa Carbimazole. Kabla hujaimeza, damu itolewe kwa mambo haya:

- TSH, FT4 na FT3, ili ujulikane ulianzia wapi.
- TRAb.
- Hemogramu kamili, yaani hesabu ya chembe za damu, ambayo fomu nyingine huiandika FHG, nyingine FBC au CBC.
- Vipimo vya ini.
- Kipimo cha mimba, kwa mwanamke anayeweza kuwa nayo.

TRAb inahitaji maelezo, kwa sababu wengi hutibiwa mwaka mzima bila kuisikia. Kusema thairoidi iko juu ni sawa na kusema mtu ana homa: bado hujasema inatoka wapi. Sababu kubwa ni ugonjwa wa Graves, uliopewa jina la daktari wa Ayalandi aliyeuelezea mwaka 1835. Kinga ya mwili hutengeneza askari wanaoibonyeza thairoidi bila kuiachia, na TRAb ndiyo inayowahesabu askari hao. Kuna rovu lenye vinundu vinavyotoa homoni kivyake. Hapo TRAb kwa kawaida haionekani. Na kuna tezi iliyovimba na kuvujisha homoni iliyokuwa imehifadhiwa, kama inavyowapata baadhi ya akina mama miezi michache baada ya kujifungua.

Hao wa mwisho ndio ninaowaonea huruma zaidi. Kabimazoli huzuia homoni mpya kutengenezwa, na kwao hakuna homoni mpya inayotengenezwa kupita kiasi. Ni ya zamani inayovuja. Kidonge hakiwafai kitu. Wanachohitaji mara nyingi ni dawa ya kutuliza moyo kama propranololi, subira, na kupimwa tena, kwa kuwa baada ya kuvuja tezi inaweza kupitia kipindi cha kuwa chini. Kwa hiyo kama umejifungua ndani ya mwaka huu, liseme hilo kabla hujaulizwa. Ultrasaundi ya shingo ina kazi yake, lakini haichukui nafasi ya TRAb.

Hemogramu na ini ni kwa ajili ya kulinganisha baadaye. Watu wengi wenye asili ya Kiafrika wana chembe nyeupe za aina ya nyutrofili zilizo chache kidogo kuliko kiwango kilichochapishwa kwenye karatasi, na ni wazima kabisa. Kama hujapimwa kabla ya dawa, siku ukipimwa ukiwa na homa hakuna atakayejua kama uchache ule ni wako wa kuzaliwa au umeletwa na dawa. Namba za ini nazo zinaweza kupandishwa na ugonjwa wenyewe, kabla dawa haijaingia mwilini.

Maabara gani, na siku ya kutoa damu

Maabara Nairobi ni nyingi kama vibanda vya M-Pesa. Tafuta iliyo na leseni ya KMLTTB, bodi inayosimamia maabara za tiba, nayo inapaswa kuonekana ukutani. Bora zaidi ikiwa imeidhinishwa na KENAS, shirika la taifa la kuidhinisha maabara, kwa kiwango cha ISO 15189, ambacho ni cha ubora wa maabara za tiba. Uliza mapokezi, si tusi. Uliza pia bei ya kila kipimo kabla hujakunja mkono wa shati, na kama TRAb wanaipima hapo hapo au sampuli inapelekwa kwingine, kwa sababu majibu yake huenda yakachukua siku kadhaa. Kama unategemea SHA, bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, waulize kabla ya kutolewa damu ni vipimo vipi vinalipiwa na vipi ni vya mfukoni mwako.

Ukishaipata, usihamehame. Mashine za maabara mbili zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu ile ile, na daktari akadhani umebadilika.

Kufunga si lazima kwa vipimo hivi. Kunywa chai yako. Ila jaribu kwenda saa zinazofanana kila safari, kwa kuwa TSH hupanda na kushuka kati ya usiku na mchana.

Sasa bayotini. Hii iandike mahali. Ni ile vitamini iliyo kwenye vidonge vya kurefusha nywele na kuimarisha kucha, vinavyouzwa kila kemisti na kwenye maduka ya urembo. Kwa dozi kubwa, kama zile za maikrogramu 5,000 au 10,000, inazichanganya mashine nyingi: TSH inasomeka chini, FT4 na FT3 zinasomeka juu, na TRAb inaweza kusomeka ipo wakati haipo. Yaani karatasi inachora picha kamili ya thairoidi iliyo juu kwa mtu asiye nayo. Na ona mtego ulivyo: mgonjwa wa thairoidi nywele zinamtoka, anakimbilia kununua vidonge vya nywele, halafu anaenda kupimwa. Acha bayotini angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na zaidi kama dozi ni kubwa. Mwambie mtu wa maabara hata kama hajauliza. Hatauliza.

Taja pia kama umepigwa CT ya kuchomwa dawa ya rangi miezi ya karibuni, au kama unatumia dawa ya moyo iitwayo amiodaroni. Zote mbili zina iodini nyingi sana, na iodini ndiyo malighafi ya thairoidi.

Upimwe lini

Kabimazoli haifanyi kazi kesho yake. Tezi ina akiba ya homoni ambayo lazima iishe kwanza, hivyo nafuu huanza kuonekana kati ya wiki 2 na 6. Kupima siku ya tano ni kutupa pesa. Pima wiki ya 4 hadi ya 6, kisha kila baada ya wiki 4 hadi 6 mpaka FT4 na FT3 zitulie, kisha kila miezi 2 au 3. Dozi ikibadilishwa, hesabu inaanza upya.

Ukipewa tarehe ya kliniki katika hospitali ya umma iliyo miezi minne mbele na ndiyo kwanza umeanza dawa, omba fomu ya maabara siku hiyo hiyo kabla hujatoka mlangoni. Pima katikati, na kama FT4 iko nje ya mipaka rudi na karatasi, hata kama si siku yako. Nimefanya hivyo mara mbili. Mara ya kwanza nilisubiri kwenye benchi hadi saa tisa, lakini dozi ilipunguzwa.

Kuisoma karatasi

Anza na vipimio, kabla ya namba. FT4 inaweza kuandikwa kwa pmol/L, ambapo kawaida ni kama 12 hadi 22, au kwa ng/dL, ambapo kawaida ni kama 0.9 hadi 1.7. Kugeuza, zidisha ng/dL kwa 12.87. Mwenzangu mmoja alihama maabara, FT4 yake ikatoka 16 mpaka 1.2, akalia kwenye matatu akiamini tezi imekufa. 1.2 mara 12.87 ni 15.4. Hakukuwa na kilichobadilika. FT3 nayo ina vipimio viwili: pg/mL zidisha kwa 1.536 upate pmol/L. Na kila mara soma mipaka iliyochapishwa kwenye karatasi yako, si ya jirani.

Kisha soma namba zote tatu kwa pamoja. TSH chini, FT4 na FT3 juu: bado unawaka, na kabla daktari hajaongeza dozi mwambie ukweli kama umeruka vidonge. TSH chini, FT4 ya kawaida, FT3 juu: bado hujafika, hata kama mtu wa mapokezi amesema uko sawa. TSH chini, FT4 na FT3 ndani ya mipaka: dawa inafanya kazi na nyapara amelala tu, hapo hakuna sababu ya kuongeza dozi kwa ajili ya TSH. TSH chini, FT4 chini: dozi imezidi. Hii ya mwisho ndiyo inayopita bila kuonekana pale TSH inapopimwa peke yake. Kwa mwenye Graves ambaye macho yameanza kutokeza, kushushwa kupita kiasi kunaweza kuyazidisha, hivyo asicheze nayo.

Mimi namba zangu ziko kwenye daftari la shule la kurasa 32. Tarehe, TSH, FT4, FT3, dozi ya siku ile, mapigo ya moyo nikiwa nimekaa, uzito. Daktari wa Upper Hill aliyenipokea baadaye alilisoma kwa dakika moja na kuona kilichokuwa kimeanza kushuka tangu wiki ya sita.

Homa na koo: kipimo kisichongoja tarehe

Kama una haraka, ruka mengine yote usome hapa.

Kabimazoli na dawa nyingine za kushusha thairoidi, methimazoli na PTU (propylthiouracil), zinaweza, kwa watu wachache, kuzifuta ghafla zile nyutrofili zinazopigana na maambukizi. Inawapata takriban watu 2 hadi 5 katika kila 1,000, na mara nyingi katika miezi 3 ya kwanza. Inakuja na homa, koo linalouma vibaya, au vidonda mdomoni.

Sasa tazama kinachotokea Nairobi mtu akipata homa na koo. Anaenda kemisti, anapewa antibiotiki na dawa ya maumivu. Isipopoa, anapimwa malaria na taifodi. Jiji liko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Malaria ya kuambukizwa hapa ni nadra, isipokuwa umetoka safari ya Pwani au Magharibi. Huku siku mbili zimepita na kidonge cha thairoidi bado kinamezwa kila asubuhi.

Fanya hivi: usimeze kidonge kinachofuata. Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku au Jumapili, kwenye hospitali inayofanya hemogramu na kutoa majibu papo hapo. Mwambie wa kwanza kukupokea: "Natumia kabimazoli, nina homa, naomba hemogramu sasa." Ikitoka, usiangalie jumla ya chembe nyeupe wala asilimia. Tafuta idadi kamili ya nyutrofili. Chini ya 0.5 (kwa kipimio cha x10⁹/L) ni dharura ya kulazwa. Chini ya 1.0 dawa haianzwi tena, na daktari ataamua njia nyingine. Hapa ndipo ile hemogramu ya kabla ya dawa inapokuwa na thamani. Ikiwa hii ya leo ni nzuri, daktari atakuambia lini uendelee na dawa.

Na hemogramu nzuri ya wiki iliyopita haikukingi. Kushuka huko ni kwa ghafla, na hiyo ndiyo sababu wengi hawapimwi kila mwezi bali huambiwa wawe macho. Mume wangu alijua, mtoto mkubwa alijua, na kikaratasi kilikuwa mlangoni mwa friji.

Ini lina dalili zake: macho ya njano, mkojo wa rangi ya chai ya rangi, choo cheupe, kuwashwa mwili mzima. Acha dawa, kapime ini siku hiyo. PTU ndiyo ya kuogopewa zaidi hapa. Na mtu ambaye thairoidi yake iko juu akiwa na homa kali, moyo unapiga mno na amechanganyikiwa akili, huyo hana muda wa foleni ya maabara. Apelekwe chumba cha dharura.

Mimba, iodini, kisu

Ukigundua una mimba, usiache dawa kienyeji. Piga simu kliniki siku hiyo. Miezi 3 ya kwanza PTU hupendelewa kuliko kabimazoli. Homoni ya mimba yenyewe huishusha TSH, kwa hiyo TSH ya chini kidogo wakati huo si ajabu. TRAb hupita kondo la nyuma hadi kwa mtoto, hivyo hata mama aliyekwisha kupasuliwa tezi au kupewa iodini ya mionzi ya kuizima tezi miaka iliyopita kwa sababu ya Graves ataje historia yake kliniki, TRAb ipimwe mapema na tena karibu wiki ya 18 hadi 22 kama ilikuwa juu.

Ukipewa iodini ya mionzi, kipimo cha mimba kinatangulia, halafu FT4, FT3 na TSH kila wiki 4 hadi 6 kwa miezi 6 ya mwanzo. Wengi huishia na thairoidi iliyo chini na kidonge cha kila siku; hilo linatarajiwa. Aliyetolewa tezi yote apimwe pia kalsiamu, hasa akisikia ganzi kwenye midomo na ncha za vidole.

Kabla ya kuacha dawa, na baada yake

Kwa Graves, dawa huliwa kwa kawaida miezi 12 hadi 18. Kabla ya kuacha, dai TRAb irudiwe. Ikiwa imepotea, uwezekano wa ugonjwa kurudi ni mdogo zaidi. Ikiwa bado iko juu, kuacha ni kujitafutia kurudi, na daktari anaweza kukuongezea muda au kuzungumza nawe kuhusu iodini au upasuaji. Kwa jumla karibu nusu ya wanaoacha hurudiwa, wengi ndani ya mwaka wa kwanza.

Ukiacha, pima ndani ya wiki 8, kisha kila miezi 3 hadi mwaka uishe, kisha mara moja kwa mwaka. Wakati huu nyapara ameamka na TSH ndiyo inayotangulia kutoa habari, kwa hiyo inaweza kuongoza, FT4 na FT3 zikifuata ikishuka. Tarehe zangu ziko kwenye jalada la nyuma la daftari. Lakini kikombe kikianza kugongana na kisahani kabla ya tarehe, naenda kesho yake asubuhi.